Gandasturi za Siku ya Kumi na Tisa

Mwezi wa Ramadhani wanafunzi huachiliwa mapema, saa tano tu, na Imas alikuwa na njia yake maalumu ya kurudi nyumbani. Alizunguka kwa nyuma, kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga, ili asipite mbele ya kibanda cha tambi. Kibanda chenyewe kilikuwa kimeteremshiwa pazia mchana kutwa, kwa heshima ya waliofunga, lakini pazia huziba macho tu. Pua ya Imas haikuzibwa na kitu.

Alikuwa na miaka kumi na moja, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi mzima. Miaka ya nyuma alifunga nusu siku, hadi adhuhuri, na kila mtu akamsifu weee. Sasa mambo ya nusu yalikwisha. Shuleni kila mtoto alikuwa amepewa kitabu cha Ramadhani chenye mistari thelathini, na kila mstari una nafasi ya saumu, ya sala, ya tarawehe, na ya sahihi ya ustadhi. Mistari kumi na minane ya Imas ilikuwa na alama ya vema. Wa kumi na tisa, yaani wa leo, nao ulishapata vema yake tangu alfajiri. Imas alikuwa na tabia hiyo ya kuweka alama mara tu baada ya daku. Alisema ya nini kungoja jioni, wakati mtu anajijua kwamba atamaliza.

Alipofika nyumbani, alimkuta mama yake, Iroh, amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa kuliko zote za nyumba ile. Choroko kilo nne zilikuwa zimelowekwa tangu jana, na sasa zilikuwa zimewekwa motoni.

"Vua viatu unawe mikono," alisema Mama bila kugeuka. "Leo sitaki mtu wa kuniuliza saa ngapi. Saa ninayo."

Imas alielewa. Leo ilikuwa zamu yao. Katika mtaa wao wa mlimani, nje kidogo ya mji wa Garut, kila nyumba ina siku yake ya kupeleka futari msikitini, na zamu ya nyumba yao ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu enzi za Bibi Enok, mama yake Baba. Bibi Enok alikuwa hapeleki kitu kingine ila gandasturi: choroko zilizopondwa na sukari guru na nazi, zikabanwa kuwa vidonge bapa, zikachovywa kwenye rojo la unga wa mchele na kukaangwa hadi kingo zikawa kavu na kulia mdomoni. Watu walizingoja mwaka mzima. Na walikuwa wakisimulia kwamba Bibi Enok, kwa miaka arobaini, hakuwahi kuzionja mchana wa Ramadhani. Alitia chumvi kwa kidole na sukari kwa jicho, basi, na zikatoka vilevile kila mwaka.

Bibi Enok alifariki kabla ya mavuno yaliyopita. Mwaka huu zamu ilimwangukia mkwewe Iroh, aliyekuja kuolewa hapo kutoka bonde jingine na ambaye watu walikuwa bado wanamwita "yule wa Cibatu", baada ya miaka kumi na tatu.

Na watu wa mtaa ule hawasahau. Mwanamke mmoja aliwahi kuunguza uji wa ndizi siku ya zamu yake, miaka mitano iliyopita. Hadi leo akienda dukani kununua kiberiti, lazima apatikane mtu wa kumuuliza kama anakwenda kupika uji. Wanacheka, naye anacheka, lakini Mama alimwona siku moja akifuta machozi kwenye kona ya duka. Jambo hilo alimsimulia Imas mara mbili wiki ile.

"Nenda hapo jirani kwa Entin ukachukue nazi," alisema Mama. "Mwambie ahsante, nami nitakuja kumsaidia siku yake. Ukirudi, zikianza kupasuka hizi choroko, tia chumvi. Kidogo, kijiko cha chakula kimoja na nusu. Mimi naenda kumpigia baba yako simu asisahau sukari."

Baba alikuwa dereva wa lori la mboga, na mtandao ulipatikana nyuma ya banda la kuku peke yake. Imas akaenda, akarudi na beseni la nazi iliyokunwa na kupikwa kwa mvuke, nyeupe pe. Choroko zilikuwa zinapasuka. Akachukua chupa ya chumvi, akapima kijiko kimoja na nusu kwa uangalifu kabisa, akakoroga, akafunga chupa na kuirudisha kwenye rafu mahali pake. Kisha akaenda kusali adhuhuri. Hakuwa na lawama yoyote hapo, na ni vizuri ijulikane mapema.

Baadaye sukari ikaletwa, ikayeyushwa, nazi ikachanganywa, na jiko zima likajaa harufu ya choroko, sukari guru na majani ya pandani. Ilipofika saa tisa, mchanganyiko ulikuwa umekauka vizuri, umewekwa kwenye karai pana upoe.

"Nakwenda kukata majani ya mgomba," alisema Mama. "Ukae hapa ufukuze paka. Usiguse."

"Sigusi, Mama."

Basi Imas akakaa. Akamfukuza paka, ambaye hata hakuwa na haja. Akatazama ukuta. Akahesabu vigae vilivyopasuka. Koo lake lilikuwa kavu, na tumbo, ambalo siku kumi na nane lilikuwa limekubali kunyamaza, leo lilikuwa linaongea. Akajiambia anasogea karibu ili anuse tu. Kunusa hakuvunji saumu. Kisha akajiambia anabana kidonge kimoja ili aone kama kinashikana. Kikashikana. Kilikuwa na joto kidogo, kinameremeta, na kilikuwa mkononi mwake, na hakukuwa na mtu.

Akakitia chote mdomoni, akatafuna mara mbili, akameza.

Ndipo ladha ikamfika. Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya kusema hapa pamezidi kidogo. Ilikuwa chumvi ya samaki mkavu, iliyojificha nyuma ya sukari halafu ikatoka kwa pamoja na kumkaba koo. Imas akakimbilia kwenye mtungi, akanywa glasi nzima ya maji bila kupumua. Alipoishusha glasi, aliitazama. Saumu yake ilikuwa imekwenda kwa kula na kunywa, vyote kwa pamoja, na hata utamu wenyewe hakuupata.

Akaikausha glasi, akaipindua mahali pake. Akausawazisha mchanganyiko kwa mwiko mpaka shimo dogo likapotea. Mama aliporudi na majani, Imas alikuwa amekaa palepale, anamtazama paka.

Entin, yule jirani, akaja nyuma ya Mama na kisu chake. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno mengi, na hata akifunga maneno hayakupungua.

"Dada Iroh, harufu hii imefika kwangu ikanitoa kitandani," alisema akikaa chini. "Mimi nimelala zangu nasubiri magharibi, mara pua inaniambia amka. Hebu sogea. We Imas, mbona umekauka hivyo? Saumu imekukamata?"

"Kidogo."

"Jikaze. Zimebaki saa tatu tu."

Wakaanza kubana vidonge. Mama alibana, Entin alipaka unga wa mchele, Imas alipanga kwenye ungo. Kila kidonge kilichopita mkononi mwake, Imas alikiona kikienda mdomoni mwa mtu. Watu sitini, wenye kiu ya mchana kutwa, wanapiga bismillahi, wanauma. Alimwona Mama katikati yao akingoja waseme neno.

Akajaribu kuzunguka.

"Mama, si tungeongeza sukari kidogo?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Naona kama haitoshi."

"Unaona kwa nini, kwa kisogo? Nimepima sawasawa na bibi yako. Kilo moja na robo."

Imas akaingilia mlango mwingine. "Ujang wa Dada Entin bado mdogo, hafungi. Angekuja akatuonjea."

"Ujang yuko Tasik kwa bibi yake tangu juzi," alisema Entin. "Nimepumzika kweli. Nimesahau hata sauti yake."

"Lakini Mama, ustadhi alisema madrasani kwamba mpishi anaruhusiwa. Anagusa kwa ncha ya ulimi, anatema. Saumu haiharibiki."

Mama akaacha kubana. "Najua inaruhusiwa. Ila bibi yako hakuonja miaka arobaini, halafu mimi mwaka wa kwanza tu nionje? Entin hapa ni rafiki yangu, lakini kesho sokoni ulimi utamteleza."

"Utateleza," alikubali Entin. "Siwezi kudanganya."

Wakacheka. Imas naye akajilazimisha kucheka. Alikuwa amezijaribu njia zote za pembeni na zote zilikuwa zimezibwa. Iliyobaki ilikuwa njia moja, na hiyo ilipita juu yake mwenyewe. Ili aseme kwamba choroko zina chumvi, angepaswa kusema amejuaje.

Saa kumi ikapita. Rafiki yake Lilis akapita uani, amevaa ushungi mpya, akamwita waende matembezi ya jioni hadi darajani, kama watoto wote wanavyofanya kungoja magharibi.

"Siwezi, leo zamu yetu."

"Upo lakini?" aliuliza Lilis. Ndivyo walivyokuwa wakiulizana siku zote, maana yake bado umefunga.

"Nipo," alisema Imas.

Lilis akaenda zake. Neno lile dogo likabaki limemkaa Imas mdomoni, likawa baya kuliko ile chumvi. Lilis alikuwa amemwamini papo hapo, hata hakumtazama vizuri. Asubuhi aliweka alama kwenye kitabu, saa tisa akala, na sasa amemdanganya mtu. Siku moja imezaa mambo mangapi.

Alirudi jikoni akamkuta Mama amesimama mbele ya nyungo mbili zilizojaa, vidonge mia moja na ishirini, vyeupe kwa unga, vimejipanga. Entin alikuwa amekwenda kuleta karai lake la pili. Mama hakujua kama anatazamwa. Alikuwa amejishika kiuno, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo Imas hakuwa ameiona tangu msiba.

"Njoo uone, Neng," alisema kwa sauti ya chini. Neng ni jina la kumbembeleza mtoto wa kike, na Mama hakulitumia ovyo. "Jana sikupata usingizi, nakwambia ukweli. Niliogopa. Lakini zitazame. Zimefanana na za bibi yako, au nakosea?"

"Zimefanana."

"Haya. Naweka mafuta motoni."

Akachukua kiberiti. Imas aliuona mkono wake ukigeuza kitufe cha gesi.

"Mama, usiwashe."

"Nini?"

"Zina chumvi. Zina chumvi kali, haziliki. Nimekula. Ulipokwenda kukata majani. Nilikula kimoja."

Mama akafunga gesi. "Umekula, au umeonja?"

Hapo palikuwa na mlango mwembamba wa kutokea, na Imas aliuona. "Nimekula, nikameza. Halafu nikanywa maji. Glasi nzima."

Mama akakichukua kidonge cha pembeni, akakimega, akagusa kwa ncha ya ulimi. Uso ukamkunjamana. Akatoka nje upesi, akatema, akasukutua mdomo mara tatu na kutema tena. Aliporudi alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

Entin akaingia na karai lake, akawakuta hivyo. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Entin," alisema Mama, "nazi yako ulitia chumvi?"

"Nilitia, ndiyo. Nazi ya kupikwa kwa mvuke usipoitia chumvi si itachacha na joto hili? Mama yangu ndivyo anavyofanya."

Mama akafumba macho. "Na mimi nilitia kwenye choroko."

"Hapana, Mama," alisema Imas. "Mimi nilitia kwenye choroko. Uliniambia kijiko kimoja na nusu."

"Nilikuambia. Lakini niliporudi nikaona chupa iko kwenye rafu, imefungwa. Nikasema huyu amesahau, kama kawaida yake. Nikatia mwenyewe."

"Mbona hukuniuliza?"

Mikono mitatu ilikuwa imetia chumvi kwenye sufuria moja, yote kwa nia njema, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Basi tutapeleka tende na chai," alisema Mama hatimaye. "Watu watasema watakavyosema."

"Hatupeleki tende," alisema Entin. "Saa kumi na robo hii. Iroh, simama. Mimi nina viazi vitamu gunia zima, vya manjano, vimevunwa juzi. Vinaiva upesi, na vyenyewe havina chumvi. Tunavichemsha, tunaponda, tunachanganya nusu kwa nusu. Sukari iliyobaki tunaitia yote. Mafuta yakiwa tayari saa kumi na moja, tunawahi."

"Na nani ataonja?"

Wote wawili wakamgeukia Imas. Yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimeshaharibu," alisema. "Lakini sili tena. Nataka nijizuie mpaka adhana, kama nyie."

Mama alimtazama. Hasira ilikuwepo machoni mwake, wala hakuificha. "Huli. Utagusa kwa ulimi na kutema, nje kule, mtu akiwa anakuona. Mimi ulimi wangu leo umeshaungua kwa chumvi, siuamini. Tunahitaji ulimi mmoja wa kutuambia kweli. Unaweza?"

"Naweza."

Basi ikawa hivyo. Viazi vikamenywa na kukatwa vipande vidogo, vikachemka kwenye sufuria mbili. Vidonge mia na ishirini, kazi ya saa nzima, vikavunjwa tena na kurudishwa kwenye karai. Entin aliponda viazi kana kwamba vimemkosea. Mama alichanganya, akamega punje, akampa Imas. Imas akagusa, akatoka mlangoni, akatema, akasukutua.

"Bado chumvi."

Wakaongeza viazi.

"Bado kidogo. Sasa inakuja nyuma."

Wakaongeza sukari. Mara ya nne Imas alisimama mlangoni kwa muda mrefu kidogo kabla ya kutema. Alijua wamechoka, alijua wanataka aseme ndiyo, na muda ulikuwa unakimbia.

"Karibu," alisema. "Lakini bado. Kiazi kimoja zaidi."

"Mtoto huyu ana roho ngumu," alisema Entin, akitia kiazi.

Mara ya tano Imas akasema imekaa. Wakabana upya, wote watatu kwa kasi, vikatoka vikubwa na vidogo, vingine vimepinda. Mafuta yakachemka kwenye makarai mawili. Vidonge vikachovywa, vikazama, vikapanda juu vikiwa na kingo za rangi ya dhahabu. Vilipokuwa vinachujwa mafuta, Imas alikwenda chumbani, akakitoa kitabu cha Ramadhani, akaikata ile vema ya siku ya kumi na tisa kwa kalamu. Ilimuuma. Mstari ule ulikuwa unaonekana kuliko mingine yote.

Walifika msikitini ngoma ya magharibi ikiwa karibu kupigwa. Wanawake walikuwa wamekaa upande wao wa ukumbi, chai imeshamiminwa. Gandasturi zikapangwa juu ya majani ya mgomba. Ngoma ikalia, adhana ikafuata, watu wakala tende, wakanywa, kisha mikono ikaelekea kwenye majani. Mama alikuwa ameishika glasi yake bila kunywa.

Bibi Sarti, aliyekuwa rafiki wa Bibi Enok tangu usichana wao, aliuma, akatafuna polepole kwa meno yake machache. Watu wakamngoja. Wote walijua kwamba neno lake ndilo litakalobaki mwaka mzima.

"Hizi si za Enok," alisema.

Imas aliona vidole vya Mama vikikaza kwenye glasi.

"Hizi zina kiazi," Bibi Sarti aliendelea. "Laini. Zinapita zenyewe, hata kwa mtu wa meno manne. Nipe nyingine. Lakini Iroh, ilikuwaje ukatia kiazi?"

Mama akavuta pumzi. "Chumvi ilizidi, Bibi. Iliingia mara tatu. Imas ndiye aliyetuambia, la sivyo mngekula maji ya bahari."

Wakacheka, kicheko cha kawaida kisicho na sumu. Kisha mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa mkeka akauliza, bila ubaya wowote, "Alijuaje? Si amefunga?"

Mama akafungua kinywa amjibie. Imas aliona kwamba Mama anatafuta neno la kumfunika, na kwamba angelipata. Aliona pia kwamba Lilis, aliyekaa mkabala naye, amesimamisha gandasturi yake karibu na mdomo na anamtazama.

"Sikufunga leo," alisema Imas. "Nilikula saa tisa, kwa kuiba. Lilis, nilikwambia nipo. Sikuwepo."

Mashavu yalimwaka moto. Hakuna aliyecheka. Lilis alitafuna, akameza, akafikiri. "Ungeniambia tu," alisema. "Mimi juzi nilitaka kunywa maji ya udhu. Nilikaribia kabisa." Akasogea kwenye mkeka, akampa Imas nafasi ya kukaa.

"Na wewe, Iroh," alisema Bibi Sarti, akichukua ya tatu, "nasikia kwa Entin hukuonja kwa sababu Enok hakuonja. Nani aliwaambia hivyo? Mimi nina vidonda vya tumbo miaka arobaini, sifungi, nalisha maskini badala yake. Kila siku ya zamu yake Enok alikuja mlangoni kwangu na kidonge kimoja kwenye jani. Anasema, Sarti, hebu nionjee. Asingethubutu kuwapa watu kitu asichokijua."

Mama alimtazama yule bibi, kisha akacheka, akacheka hadi akaweka glasi chini na kujifuta macho kwa upindo wa ushungi. Hakuna aliyejua kama yote yale yalikuwa ni kicheko.

Baada ya sala, walirudi nyumbani kuosha vyombo kabla ya tarawehe. Mama alibeba nyungo mbili tupu, Imas karai. Walitembea hadi karibu na mlango.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia. Nitakaa na hasira hadi kesho asubuhi, ndiyo haki yangu." Mama akaweka nyungo chini ili afungue kitasa, lakini hakukifungua. "Sikiliza, nikwambie mara moja. Ulikula, hilo ni lako wewe na Mungu wako, utalimaliza naye. Ila ulipojua kwamba chumvi imezidi ukanyamaza, hapo hukuwa peke yako tena. Mimi nilikuwa ndani, na Entin, na watu sitini. Kosa la mtu mmoja ukilifunika, linatafuta wengine wa kuwaumiza. Ukalisema kabla sijawasha moto, likabaki dogo, tukaliweza. Aibu uliyoipata leo ilikuwa ya dakika moja. Ungenyamaza, ungeishi nayo."

Imas akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nina langu," alisema Mama. "Mchana ulitia chumvi kama nilivyokuagiza, umepima, umefunga chupa, umerudisha. Nikaona chupa nikasema amesahau. Ningekuuliza tu, Imas umetia? Ungeniambia ndiyo, na nisingeongeza. Sikukuuliza kwa sababu sikudhani jibu lako lina uzito."

Akafungua kitasa, akasukuma mlango.

"Kesho ukiniambia umefunga, sitakutazama mdomo. Nitakuamini. Haya ingia, tuoshe vyombo."